Kampuni ya Bima Ikifilisika: Vikundi Vyetu Vifanye Nini?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika siku ya mafunzo. Tumeyaandika hapa ili wale ambao hawakufika wayasome na kuyajadili katika vikundi vyao.)



Tunawashukuru sana kwa kuacha kazi za shamba na kuja hapa, na tunajua ni wakati wa palizi. Katika mkutano uliopita mliomba tuzungumze juu ya bima. Hamkuomba tuwaeleze uzuri wa bima. Hiyo kazi ina wenyewe, wanakuja na tai shingoni na mkoba mkononi, hata msipowaita. Ninyi mliuliza swali gumu zaidi: "Tumelipa, risiti tunazo, halafu tunasikia kwa redio kampuni imefungwa. Pesa zetu zimeenda wapi, na tufanye nini?"

Leo tutajaribu kulijibu swali hilo polepole. Sisi wa ofisi ya maendeleo si mawakili. Lakini tumekaa na watu wengi wenye shida hii, tumebeba faili zao mpaka Nairobi, na tumejifunza njia inapopita.

1. Jambo hili si geni

Kwanza tuondoe aibu. Mtu ambaye kampuni yake ya bima imeanguka huona haya, kama kwamba yeye ndiye mjinga aliyechagua vibaya. Sivyo. Hata kampuni ya serikali ilianguka. Kenya National Assurance iliwekwa mikononi mwa mfilisi mwaka 1996. Walimu wengi na wafanyakazi wa serikali walikuwa wamekatwa mishahara miaka na miaka kwa ajili ya bima za maisha na za masomo ya watoto. Baadaye, mwaka 2001, iliundwa kampuni mpya ya kurithi zile bima za maisha.

Baada ya hapo zikafuata nyingine. United Insurance ilianguka mwaka 2005, Standard Assurance mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011 na Concord mwaka 2013. Mwaka 2022 ikawa Resolution, iliyokuwa na bima nyingi za matibabu. Mwaka 2024 ikawa Invesco. Kati ya hizo, United, Blue Shield na Invesco zilikuwa zimekatia bima matatu nyingi. Kwa hiyo zilipoanguka hawakuumia wenye matatu peke yao. Waliumia pia abiria waliovunjika miguu, na wajane waliokuwa wakingoja fidia.

Kwa nini kampuni zinaanguka? Mara nyingi ni sababu tatu zikiwa pamoja. Kampuni inauza bima kwa bei ya chini mno ili ipate wateja wengi. Pesa zinazoingia zinatumiwa vibaya, au zinafungiwa katika majumba na viwanja ambavyo haviuziki haraka. Halafu madai ya ajali yanakuja kwa wingi, mengine ya kweli na mengine ya uongo. Basi inakuwa kama debe lililotoboka: mnajaza juu, maji yanatokea chini.

2. Maneno matatu ya kuelewa

Habari hizi zikitangazwa, mtasikia maneno ambayo yanachanganya watu. Tuyatenganishe.

La kwanza ni "msimamizi wa kisheria". Ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, IRA, ikiona kampuni imelemewa, inaweza kuwaondoa wakubwa wa kampuni na kumweka msimamizi. Huyu anakaa pale, anafungua vitabu, anaangalia kama kampuni inaweza kupona. Kampuni ni mgonjwa aliyelazwa. Bado hajafa.

La pili ni "kusimamishwa kwa malipo". Msimamizi anaweza kutangaza kwamba kwa muda fulani hakuna anayelipwa, ili mali iliyobaki isigombaniwe na wenye nguvu. Hapa ndipo watu wanakata tamaa wanarudi nyumbani. Msirudi! Kusimamishwa si kufutwa. Dai lako bado ni dai.

La tatu ni "ufilisi". Hapa mgonjwa amefariki. Mahakama inatoa amri kampuni ifungwe, na mfilisi anawekwa. Kazi ya mfilisi ni kama ya wazee wanaogawa mali ya marehemu: kwanza kujua marehemu aliacha nini, pili kujua ni nani anamdai, tatu kugawa kwa utaratibu wa sheria. Mkiwa na deni kwa marehemu na hamjafika kwa wazee kujitaja, nani atawagawia?

Tena mjue hili: amri ya ufilisi ikishatolewa, huwezi kufungua kesi dhidi ya ile kampuni, wala kuendelea na ile uliyokuwa nayo, bila ruhusa ya mahakama. Njia inayobaki wazi kwa kila mtu ni kupeleka dai kwa mfilisi.

3. Je, wewe ni mdai wa aina gani?

Kabla ya kuandika chochote, jiulizeni swali hili, kwa sababu karatasi hazifanani.

(a) Mwenye bima ambaye alipata hasara. Mfano: gari la kikundi la kubeba maziwa liligongwa, au duka la kikundi liliungua, mkapeleka habari kwa kampuni, na kabla hamjalipwa ikafungwa.

(b) Mwenye bima ambaye hakupata hasara, lakini alikuwa amelipia mwaka mzima na kampuni imefungwa katikati. Tuseme mlilipa mwezi wa kwanza, kampuni ikafungwa mwezi wa saba. Ile nusu ya mwaka ambayo hamkukingwa ni pesa zenu. Wengi hawajui hata kwamba ni dai.

(c) Mwenye bima ya maisha, ya masomo au ya uzeeni. Sheria inataka pesa za bima za maisha ziwekwe kando, zisichanganywe na za magari na moto. Kwa hiyo hawa wana mfuko wao, na mara nyingine bima zao huhamishiwa kampuni nyingine. Shika hati yako ya bima kama unavyoshika cheti cha shamba. Usikubali kuibadilisha na karatasi nyingine kabla hujasomewa ukaelewa.

(d) Mtu aliyeumizwa na gari lililokuwa na bima, au familia ya aliyeuawa. Huyu hakununua bima, lakini sheria ya bima za magari inamlinda. Kwa sheria hiyo, kampuni inatakiwa kumlipa aliyepata hukumu ya mahakama, mpaka kiwango cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja.

Kwa huyu wa mwisho tunasisitiza jambo moja. Kesi ya ajali hufunguliwa dhidi ya mwenye gari na dereva wake, si dhidi ya kampuni ya bima. Na inatakiwa ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Msifikiri kwamba kampuni ikifungwa saa ya sheria nayo inasimama. Tumeona mjane mmoja aliyeambiwa na majirani, "Ngoja kwanza kampuni ifunguke." Akangoja kwa imani. Alipokuja ofisini kwetu, mwaka wa tatu ulikuwa umebakisha wiki chache tu. Ilibidi kukimbia kwa wakili siku hiyo hiyo.

4. Karatasi ndizo zitakazosema

Mfilisi hakujui. Hajui kwamba wewe ni mzee wa kanisa, wala kwamba mlilipa kwa jasho la kuuza mayai. Anachojua ni karatasi. Basi kusanyeni hizi:

– Hati ya bima yenyewe, na ile sitika ya gari au nakala yake.
– Risiti zote za malipo. Kama mlilipa kwa simu, chapisheni ujumbe au mwombe taarifa kutoka kampuni ya simu. Kama mlilipa kwa benki, mwombe taarifa ya benki.
– Barua zote mlizoandikiana na kampuni au ajenti, hasa ile ya kutoa habari ya hasara.
– Kwa ajali: nambari ya OB na abstrakti ya polisi, fomu ya P3, karatasi na risiti za hospitali.
– Kwa gari: logbuku, ripoti ya aliyekagua uharibifu, na bei aliyoandika fundi.
– Kama kuna kesi: nambari ya kesi, hukumu, na ile amri iliyotolewa baada ya hukumu.
– Kitambulisho cha mwenye dai. Kwa kikundi: cheti cha usajili na kumbukumbu za mkutano uliowachagua watakaotia sahihi.

Kama mwenye dai amekufa, mke au mtoto hawezi kupokea tu kwa sababu ni wa familia. Inatakiwa barua ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, na safari ya kuipata huanzia kwa chifu, kwa barua inayotaja warithi. Inachukua muda. Kwa hiyo anzeni hiyo safari mapema.

Tunawaomba sana: msitoe karatasi ya asili. Pigeni fotokopi mbili. Moja ipelekwe, moja ibaki kwenye faili ya karani, na ile ya asili ikae mahali pakavu ambapo panya hafiki. Mkitakiwa kuonyesha ya asili, onyesheni na mrudi nayo.

Na kuna ugonjwa mmoja wa vikundi vyetu ambao tutautaja wazi. Gari limenunuliwa kwa harambee ya wanachama wote, lakini logbuku na bima zimeandikwa jina la mwenyekiti, ati kwa sababu siku ile yeye ndiye alikuwa na kitambulisho mfukoni. Siku ya dai, mdai ni yule aliyeandikwa. Kama mwenyekiti ni mwaminifu, hundi itatoka kwa jina lake na ataileta. Kama amekufa, kikundi kitaanza kuvutana na wajane wake. Hata tukimwamini mtu, tusimpe jaribu hilo. Andikeni jina la kikundi.

5. Namna ya kupeleka dai

Mfilisi akishawekwa, hutoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti ya kila siku. Tangazo linasema wote wanaoidai kampuni walete madai yao mahali fulani kabla ya tarehe fulani. Hiyo tarehe ndiyo moyo wa mambo yote. Ukichelewa, mali inaweza kugawanywa kwa waliofika, na wewe ukaja kukuta sahani tupu.

Sasa mtasema, "Sisi huku gazeti linatufikia likiwa limefunga sukari." Kweli. Basi kila kikundi kichague mtu mmoja, kijana mwenye simu nzuri au mwalimu, kazi yake iwe kuangalia matangazo hayo na kuuliza. Ofisi yetu pia itabandika kila tangazo tunaloliona kwenye ubao wa parokia.

Hatua ni hizi:

Kwanza, chukua fomu ya dai kwa msimamizi au mfilisi. Uijaze kwa mkono unaosomeka. Andika kiasi unachodai na kimetokana na nini. Usiongeze chumvi. Ukiandika 300,000 na risiti zinaonyesha 180,000, unafanya hata hiyo 180,000 itiliwe shaka.

Pili, kama fomu inataka kiapo, nenda kwa kamishna wa viapo ukatie sahihi mbele yake. Kiapo ni kiapo. Mkristo asitie sahihi kwa jambo ambalo si kweli, na sheria nayo inaadhibu.

Tatu, peleka dai wewe mwenyewe au kwa posta ya rejista. Ukipeleka mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri na iandikwe tarehe. Bila muhuri, siku wakisema hawajaliona, utajibu nini?

Nne, fuatilia. Andika barua baada ya miezi kadhaa ukitaja nambari ya dai lako. Ukihama au ukibadilisha nambari ya simu, wajulishe. Kuna fedha hubaki bila mwenyewe kwa sababu tu barua ilipelekwa sanduku la posta lililofungwa zamani.

Tano, mfilisi akikataa dai lako lote au sehemu, omba sababu kwa maandishi. Unayo haki ya kwenda mahakamani kupinga uamuzi wake. Hapo sasa ndipo utahitaji wakili. Lakini kupeleka dai lenyewe si lazima uwe na wakili.

6. Mfuko wa kufidia wenye bima

Kuna jambo ambalo wengi wenu hamjapata kulisikia. Serikali iliunda mfuko wa kufidia watu ambao kampuni zao za bima zimefilisika. Wengi wanauita PCF. Uliundwa mwaka 2004, ukaanza kazi mwaka 2005.

Nani anaujaza? Ni ninyi! Tazameni risiti ya bima, mtaona mstari mdogo wa ada ya mfuko huu. Ni robo ya asilimia moja ya malipo yenu. Kikundi kikilipa bima ya shilingi 20,000, shilingi 50 zinaenda huko, na kampuni nayo inatoa kiasi kama hicho. Kwa hiyo mtu anayekwenda kudai kwa Mfuko huu haendi kuomba msaada. Anakwenda kwenye kapu ambalo yeye mwenyewe ametia mkono.

Kampuni ikishatangazwa kisheria kwamba imefilisika, Mfuko unapokea madai, unayakagua, na kulipa yaliyokubaliwa. Lakini kuna kiwango cha juu: shilingi 250,000 kwa dai moja. Dai lako likiwa 90,000 na likakubaliwa, linaingia lote ndani ya kiwango. Likiwa 600,000, Mfuko hauwezi kupita ile 250,000, na kinachobaki unaendelea kukidai katika mali ya kampuni.

Siku hizi Mfuko huu pia unaweza kuwekwa kuwa msimamizi au mfilisi wa kampuni iliyoanguka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Resolution mwaka 2022, Mfuko ndio uliowekwa kuwa msimamizi. Kwa hiyo mkisikia kampuni imefungwa, ulizeni mapema: msimamizi ni nani, na madai yanapokelewa wapi?

7. Tutapata kiasi gani?

Hapa hatutawadanganya. Mara nyingi hampati yote, na hampati haraka. Kuna waliongoja miaka kumi na zaidi.

Mali ya kampuni ikiuzwa, gharama za ufilisi zinatoka kwanza. Halafu kuna wale ambao sheria inawatanguliza, kama wafanyakazi kwa mishahara yao waliyokuwa hawajalipwa, na mtoza kodi. Benki iliyoshika rehani ya jengo, nayo ina haki yake katika jengo lile. Kinachobaki ndicho wadai wengine wanagawana kwa uwiano.

Tufanye hesabu ya darasani. Kama wadai wa kundi lenu kwa jumla wanadai milioni 10, na kilichobaki ni milioni 2, basi kila shilingi inalipwa senti 20. Aliyedai 400,000 anapata 80,000. Ni kidogo, lakini asiyepeleka dai anapata sufuri. Na 80,000 ni ng'ombe wa maziwa, au ni karo ya mtoto. Msidharau.

8. Deni la aliyeumizwa

Sasa tunafika mahali pagumu. Siku hiyo katika kikundi kimoja watu karibu wapigane, kwa hiyo tunawaomba msikilize vizuri.

Gari la kikundi lilimgonga kijana wa bodaboda. Mguu ukavunjika mara mbili. Mahakama ikaamua kikundi kimlipe. Wanachama hawakuwa na wasiwasi, wakijua bima italipa. Kampuni ikafungwa. Sasa katika mkutano mmoja mzee akasimama akasema, "Sisi tulilipa bima. Yule kijana akaidai kampuni. Sisi hatuna habari." Watu wakapiga makofi.

Wapendwa, makofi yale yalikuwa matamu, lakini sheria haisemi hivyo. Hukumu iko juu ya mwenye gari. Kampuni ya bima ilikuwa mtu aliyekubali kuwabebea mzigo njiani. Yeye akianguka, mzigo unarudi begani kwa mwenyewe. Aliyeshinda kesi anaweza kutuma madalali wa mahakama wakachukua gari, ng'ombe au mashine ya kusaga. Na kunyamaza ndiko kunakowaleta haraka.

Tena tuangalie upande wa pili. Yule kijana hakuchagua kampuni ya bima. Ninyi ndio mliichagua. Yeye alikuwa anatafuta riziki yake. Mwinjili Luka anatueleza Msamaria aliyemkuta mtu ameumizwa njiani. Msamaria hakumgonga yule mtu, lakini alilipa. Je, sisi ambao gari letu limemgonga?

Kikundi kile kilifanya nini? Baada ya mikutano mitatu yenye maneno makali walikwenda kwa wakili wa kijana, wakaeleza hali yao, wakaonyesha vitabu vya hesabu. Wakakubaliana kulipa kwa awamu kila mwezi, na makubaliano yakaandikwa na kuwekwa mahakamani. Sheria inakubali kuomba kulipa kwa awamu. Halafu kikundi nacho kikapeleka dai lake katika ile kampuni iliyofungwa, kwa sababu kila shilingi wanayomlipa kijana ni shilingi ambayo kampuni iliahidi kulipa. Hawajamaliza. Wanachama wengine walijitoa. Lakini gari bado linabeba maziwa, na kijana alipata pesa za kutoa vyuma mguuni. Yule mzee aliyepigiwa makofi ndiye anayezipeleka kila mwezi.

Na jambo la haraka: kampuni ikifungwa, msiendeshe gari hata siku moja kwa ile sitika ya zamani. Tafuteni bima nyingine mara moja. Ajali ikitokea kabla hamjapata nyingine, mzigo wote ni wenu, na kuendesha bila bima ni kosa la jinai.

9. Jihadharini na fisi

Penye mzoga fisi hawakosi. Mtatembelewa na mtu mwenye maneno laini, aseme anamjua mtu ndani ya ofisi ya mfilisi, mpeni 5,000 ya kusukuma faili. Msimpe. Mwingine atataka kununua dai lenu: "Hiyo 200,000 hamtaipata, niuzieni kwa 15,000." Msiuze kabla ya kuuliza. Mwingine ataleta fomu za kutiwa sahihi zikiwa tupu. Fomu tupu yenye sahihi yako ni panga ulilompa mtu mwingine.

Na kama wakili ndiye alipokea malipo kwa niaba yako, una haki ya kuonyeshwa hesabu: amepokea kiasi gani, amekata kiasi gani, kwa sababu gani. Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni.

10. Tusiumwe na nyoka katika shimo moja mara mbili

Kabla ya kulipa bima nyingine, fanyeni haya. Ulizeni kama kampuni ina leseni ya mwaka huu. Leseni hizi hutolewa kwa mwaka, na IRA huchapisha orodha ya kampuni zilizoruhusiwa. Msilipe pesa mkononi kwa ajenti. Lipeni moja kwa moja kwa kampuni, na risiti iwe ya kampuni. Bei ikiwa chini sana kuliko za wengine wote, msifurahi upesi, ulizeni kwa nini. Na ulizeni majirani: kampuni hii ikidaiwa, inalipa baada ya muda gani? Kampuni inayoanza kupiga chenga wadai wadogo, inawaonyesha dalili ya ugonjwa mapema.

Ndugu zetu, mtu mmoja na dai lake ni rahisi kupuuzwa. Anachoka na nauli. Lakini watu kumi na watano wa tarafa moja wenye dai kwa kampuni ile ile wanaweza kuchanga nauli ya watu wawili, wakapeleka faili kumi na tano siku moja, na kurudi na mihuri kumi na tano. Kazi ya vikundi vya kujisaidia ni hiyo. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi tutakaa ofisini tangu asubuhi kusaidia kupanga faili na kujaza fomu. Leteni karatasi zote, hata zile mnazodhani hazina maana. Hakuna malipo.

Mungu awabariki na awape uvumilivu.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

1. Bima za kikundi chetu zimeandikwa jina la nani? Hati na risiti ziko wapi leo hii?
2. Kuna mwanachama au jirani mwenye dai katika kampuni iliyofungwa, ambaye amekata tamaa? Nani atamtembelea wiki hii?
3. Gari letu likimuumiza mtu na bima isilipe, tutafanya nini? Tuamue sasa, kabla ya siku hiyo.
4. Tumchague nani wa kuangalia matangazo ya wafilisi?